Upande wa Kushoto

"Upande wa kushoto wote umekufa," Shamsa alisema, akaitua laptop juu ya meza ya fundi kama mtu anayetua ndoo ya maji. "Wa kulia mzima."

Fundi Talha aliinua kichwa. "Sijakusikia, dada. Una karanga mdomoni?"

"Nina usingizi mdomoni." Akarudia, safari hii polepole.

Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri. Mtoto wake mchanga alikuwa amelia mpaka adhana, na jirani yake kule Buguruni, Mama Violeth, alimpokea mtoto huku anatikisa kichwa. "Mzazi hatoki ndani kabla ya arobaini, we Shamsa. Unakimbilia wapi?"

Alikuwa anakimbilia kazi. Ofisi moja ya wakala wa mizigo, karibu na bandari, ilitaka mpiga chapa wa kudumu, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi na meza chini ya feni. Jaribio lilikuwa leo saa nane mchana, kila mtu aje na laptop yake. Ofisi haikujua arobaini ya mtu.

Njiani Kariakoo ilikuwa imemshinda nguvu. Aligonga meza ya vitenge, akaangusha rundo la mabeseni, kisha mmachinga mmoja akamkimbilia na ndala mkononi.

"Sista, umeacha kiatu! Asubuhi yote hii ushalewa?"

Wenzake wakacheka. Shamsa akaangalia chini. Kweli, mguu mmoja ulikuwa peku, wala hakuwa na habari. Usingizi jamani.

Talha aliiwasha laptop, akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja, kama kuku kwenye mtama. "Hii inaitika. Na hii inaitika. Dada, mbona zote nzima?"

"Haiwezekani, fundi. Jana jioni zilikuwa poa. Leo nimeamka nipige mstari mmoja wa mazoezi, nusu ya herufi hazitoki."

"Hujaimwagia chai?"

"Chai nimejimwagia mwenyewe." Alimwonyesha blauzi aliyoipigia pasi kwa ajili ya jaribio. Asubuhi chai ilikuwa imemchuruzika pembeni mwa mdomo mpaka kifuani, akakilaumu kikombe.

"Basi vumbi." Talha alipuliza kibodi kwa mashine, akapitisha brashi, akafungua skrubu na kukandamiza waya mwembamba unaoiunganisha na ubao wa ndani. Akafunga. "Haya, piga mwenyewe."

Shamsa alikaa kwenye stuli, akanyoosha mgongo, akakaza macho mbele. Ndivyo alivyofundishwa. Bi Nawal, mwalimu wao wa masomo ya jioni, alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa cha meza, na aliyechungulia alianza ukurasa upya. "Macho kwenye karatasi! Vidole vinajua kwao!" Tangu hapo Shamsa hajachungulia. Kwenye kibanda chake cha kupigia watu chapa kando ya barabara, alikuwa akipiga mkataba mzima huku anabishana na mteja, na watu walisimama kutazama.

Alipiga. Kwenye kioo zikatoka herufi chache, zimeachana kama meno ya mtoto mwenye mapengo.

"Umeona sasa?"

Talha alikunja uso. Akavuta boksi chini ya meza, akatoa kibodi nyingine na kuichomeka. "Hii mpya, haijaguswa na mtu. Piga."

Zikakosekana zile zile, upande ule ule.

"Kirusi hicho," alisema muuza chaja wa meza ya jirani. "Futa kila kitu."

"Nyamaza wewe." Talha akadonoa tena. Zote zikatoka. Akajikuna ndevu. "Mimi nikipiga zipo. Ukipiga wewe hazipo."

"Fundi, nakuomba." Sauti ya Shamsa ilikuwa nzito, ikajikwaa. "Nikiikosa hii narudi kibandani, mtoto mgongoni, moshi wa magari unamwingia puani kutwa. Nataka akue mahali penye kivuli. Fanya chochote."

Talha aliinuka. Alizunguka meza taratibu. Shamsa hakumwona amepitia wapi, alishtukia tu sauti yake jirani na sikio la kushoto.

"Piga herufi A. Hiyo moja tu."

"Nimepiga."

"Piga tena, dada."

"Napiga, kaka! Si unaona napiga?"

Talha hakuwa anaangalia kioo. Uso wake ulikuwa umebadilika, utani wote umemtoka. Akamgeukia dereva wa bajaji barabarani, akapaza sauti mpaka muuza chaja akaruka.

"Wilbert! Washa bajaji! Tunaenda Muhimbili, sasa hivi!"

"Muhimbili si hospitali? Kuna fundi gani wa laptop?" Shamsa aliuliza. Alijaribu kucheka, akachoka katikati. "Mimi jaribio langu saa nane, bwana. Usinicheleweshe."

Talha alichuchumaa mbele yake. Alisema kwa upole, kama anazungumza na dada yake wa tumbo moja.

"Dada yangu, hebu angalia mikono yako."

Kwa mara ya kwanza tangu darasa la Bi Nawal, Shamsa akachungulia. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kibodi, vidole vimejipanga. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, pale pale ulipoangukia alipokaa.