Galoni la Mama Mkwe

Injini iligonga mara mbili, ikalia kama chuma kinachosagwa, ikanyamaza. Lori likaserereka kidogo, likasimama katikati ya vichaka, Mkiwa imebaki nyuma, Manyoni bado mbali, jua la utosi.

Bonaventura hakushuka. Aliendelea kushika usukani kama mtu anayeendesha.

"Mkwe," sauti ikatoka juu ya mzigo, kati ya matenga ya kuku. "Kuna nini?"

"Naangalia, Mama."

Utingo wake alikuwa ameachwa Ilongero na homa, kwa hiyo kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Lakini Luciana, mama wa mkewe, alikuwa amepanda juu na kuku wake. Mkwe na mama mkwe hawabanani kiti kimoja, hata kama safari ni ya Dar es Salaam.

Alifungua boneti. Moshi ukampiga usoni. Akajaribu kuizungusha injini kwa mkono, haikusogea hata kidogo. Imenoki. Shamba lilikuwa halimpi kitu. Lori hilo ndilo lililomlisha Leah na watoto.

"Ni ile oili yangu," Luciana akasema kule juu.

Bonaventura akazidi kuinamia injini.

Tangu biashara iwe huria, maduka yalikuwa yamejaa oili za kila picha: ndege, simba, mwanamke anacheka. Nani anazitengeneza, hakuna aliyejua. Jana yake Luciana alimletea galoni lenye picha ya tausi. Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo Bonaventura akaliokota. "Umwage ya zamani uweke hii," alimwambia. "Umenipakilia kuku zangu mara ngapi, nami nikuoneshe shukrani." Zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Bonaventura alishukuru, akaenda nyuma ya nyumba na spana zake, peke yake.

Yeye siku zote alikuwa mtu wa Mbogo. Oili ya Mbogo kila dereva aliijua tangu zamani, na Bonaventura aliinunua kwa Gaspari pale Ikungi. Kila kopo alilikwaruza kitako kwa msumari, msalaba na herufi B, ili utingo asiliuze njiani akasema limepotea. Likiisha, hakulitoboa. Gaspari aliyataka makopo mazima, akisema akina mama wanayagombania kuwekea mafuta ya alizeti. Kopo la mwisho tu ndilo hakulikwaruza. Utingo anaumwa, nani angeiba?

Kuku walianza kuachama midomo. Luciana akarusha mmoja kando ya barabara, amekufa. Baadaye kidogo, mwingine.

Lori lililotoka Dodoma likasimama. Dereva wake, Edward, alifahamiana na Bonaventura. Alichomoa stiki ya oili, akaisugua kwa vidole, akainusa, akakunja uso.

"Nani kakuwekea uchafu huu?"

"Nilinunua mimi," Luciana akajibu toka juu. "Ya Tausi."

Edward akacheka. "Mama, kama mkwe humtaki, si ungesema kabla hajaleta ng'ombe?"

Bonaventura akatazama vichaka.

Edward akaingia chini ya lori, akafungua bolti ya karta, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikatoka nyeusi, nyepesi kama maji ya kunawia. "Hii ilishafanya kazi kwenye injini nyingine," akasema. "Wameichuja kwa kitambaa, wakaifunga upya. Hizi za vijina vya juzijuzi ndivyo zilivyo. Kuku nitawarudisha Singida, angalau wabaki wachache. Injini hii, ndugu yangu, izike."

Luciana akashuka. Akasimama mbali kidogo, uso kaugeuzia barabarani, kanga kajivuta kichwani.

"Mkwe, ng'ombe ulioleta kwa Leah bado wako zizini. Nitawauza wote, utafute injini nyingine. Mwanangu hatalala njaa kwa ajili ya ujinga wangu wa dukani."

Hapo ndipo palipombana Bonaventura. Ng'ombe wale wangetosha injini. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa ameshaanza.

"Na kwa watu nitasema ni mimi," Luciana akaongeza. "Wewe usitie neno."

Bonaventura akarudi kwenye mlango wa lori. Akapitisha mkono nyuma ya kiti, akatoa gunia, na chini ya gunia akatoa galoni la Tausi. Lilikuwa limejaa. Kifuniko hakijaguswa. Akaliweka chini mbele ya mama mkwe wake, akarudi nyuma.

"Sikuiweka, Mama. Niliiogopa."

Luciana akainama, akakijaribu kifuniko.

"Basi uliweka ipi?"

"Mbogo. Kopo jipya, la Gaspari."

"Acha hizo," Edward akasema. "Mimi natia Mbogo miaka yote. Mbogo haiwezi kuwa hii. Lete kopo."

Kopo lilikuwa chini ya kiti, zima, halina hata kibonyeo, tayari kurudi Ikungi. Edward akalizungusha, akaitazama ile picha ya mbogo, akaitikia kwa kichwa. Kopo lenyewe lilikuwa la kweli. Kisha akalipindua, akafuta vumbi la kitako kwa kidole gumba.

"Na huu ni nini?"

Bonaventura akalipokea. Ulikuwa msalaba, na pembeni yake herufi B, vimekwaruzwa kwa msumari, vimeshaota kutu, na kopo hili yeye hakuwa amelikwaruza.