Mpaka wa Shule Chumbani

Miaka hiyo, mashine ya serikali ilichora upya mpaka wa shule kila Jumatatu kwa mstari mwekundu, na mtoto alisoma upande kilipo kitanda chake. Shule ya upande wa pili ilikuwa ya bweni, na waliokwenda huko hatujawaona tena. Basi kila mara mstari ulipoingia chumbani, Bi Nyamizi alisukuma kitanda cha mjukuu wake Kabula kibaki upande wetu.

“Bibi, unanihamisha kama kuku anayeatamia.”

“Nyamaza, mke mwenzangu. Inua mguu.”

Jumatatu moja kitanda kiligota ukutani, na mstari ukapanda godoro. Bi Nyamizi akambeba Kabula mgongoni, jitoto la miaka tisa, akajibanza konani.

“Leo kitanda ni mimi,” alisema.

Mstari ukashuka sakafuni, polepole, ukizielekea nyayo zake.