Sauti ya Peace

Kwa mara nyingine midomo ya Peace ilichelewa.

Dayib alirudisha filamu nyuma. Kwenye skrini, Peace, mwimbaji wa bendi ya Malaika wa Vumbi, suruali ya dhahabu, uso umepakwa rangi ya fedha hadi kwenye nyusi, alifungua kinywa. Sauti ilikuwa imeshatangulia. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kituo cha televisheni cha Nairobi kiliiona na kuirudisha filamu. Onyesho la mchana huu, hapa mtaani Atlabara, lilikuwa la mwisho kabla bendi haijaenda Uganda. Akikosa sauti safi leo, kazi ya mwaka mzima ingekwenda na maji.

"Ni waya zako," alimwambia Lado, fundi wa sauti.

"Waya iko sawa, ya zol, rafiki. Kamera yako ndio iko na joto. Wewe peleka yeye kwa kivuli."

Chumba cha kuvalia kilinuka jasho na dawa ya nywele. Wapiga gitaa wawili walikuwa wakigombania wanja. Peace alikuwa mbele ya kioo.

"Niimbie mstari mmoja tu, nipime," Dayib alimwomba.

"Sauti ya jukwaani haipimwi chumbani, mwalimu." Peace alibandika kope. "Chukua uso. Uso ni bure."

Wapiga gitaa walicheka. Lado akacheka kuwashinda.

Pembeni, karibu na maikrofoni ya akiba ya Lado, Ruun, mke wa Dayib, alikuwa akishona vimetameta kwenye koti. Alikuja onyesho la kwanza kumbebea mumewe mifuko, bendi ikamng'ang'ania awe fundi wao wa nguo. Dayib alishangaa alipokubali. Nyumbani redio ilikuwa ya habari tu. Muziki ukianza, Ruun aliizima. Sasa alikuwa akinywa tangawizi. Vumbi la mtaa wa New Site, walikohamia, lilikuwa limemkausha koo.

"Usikohoe nikirekodi," Dayib alimwambia.

Ruun aliitikia kwa kichwa.

Dayib aliwasha kinasa sauti kipya, kisichozidi kiberiti, akakiweka mezani kando ya nyuzi za Ruun ili atafute utepe wa kukibandika kwenye stendi ya maikrofoni ya Peace. Hapo jenereta ikanguruma.

"Kalas, tunaanza!" Lado aliita.

Dayib alinyakua kamera akakimbia.

Katikati ya wimbo wa kwanza aliitazama stendi. Haikuwa na kitu. Kinasa kilibaki chumbani, na kamera hakuweza kuiacha: Peace alikuwa amepiga magoti juu ya spika, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili, na watu walikuwa wakimpokea kila neno. Dayib alirekodi yote kwa hasira, bila kukosa hata picha moja, akijua kwamba hazitamfaa.

Baada ya onyesho alikikuta kinasa kwenye kikapu cha Ruun, kati ya nyuzi. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Hiki nacho ni uzi, Ruun?"

Ruun alikitazama kinasa, kisha akamtazama mumewe. "Walahi sikukiona," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kifute tu. Kutakuwa na nini humo?"

Dayib hakuwa mtu wa kufuta kitu ambacho hajakisikiliza.

Asubuhi Ruun alikuwa jikoni akipika anjera. Dayib alivaa hedifoni akitarajia mlio wa mkasi. Alisikia ngoma kwa mbali, nyuma ya ukuta. Kisha ikaja sauti, karibu mno hata akashtuka: safi, kila pumzi mahali pake, na ule mlio wa juu uliowafanya watu wa Atlabara wapande juu ya viti. Alifungua picha, akalinganisha. Kwenye skrini, midomo ya Peace ilichelewa.

Wimbo ukaisha. Nje, kwa mbali, umati ulikuwa ukiliita jina la Peace. Karibu na kinasa mtu alikunywa funda moja la kitu, akaanza kukohoa.

Dayib alivua hedifoni. Kikohozi kikaendelea, jikoni.