Paka Aliyekataa Sambaza

Mokonzi aliliruka beseni la sambaza, hata asilinuse, akamkita mwenye beseni kucha kwenye muundi.

Véronique alipiga ukelele. Beseni likamponyoka, visamaki vilivyobaki sokoni vikatapakaa mlangoni. Sasa niambieni, paka gani huyo? Paka wa Gihundwe nzima wangetoana macho kwa sambaza moja. Huyu alizikanyaga kama majani makavu, akaurudia mguu uleule.

"Mokonzi, wacha Maman!" Uwineza, binti wa pekee wa nyumba hiyo, alimnyakua akamkumbatia. Kifuani kwa mtoto paka akawa mpole papo hapo.

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni Véronique aliporudi kutoka kuuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mumewe Munyemana aliweza kumkanyaga mkia paka huyo asipate hata mkwaruzo. Mama mzazi wa Munyemana, bibi Mukandori, alimlaza miguuni pake. Lakini cha ajabu zaidi ni Jumapili. Siku hiyo Véronique hakuvuka mpaka, na wakitoka kanisani Mokonzi alimpandia mapajani, akalala fofofo. Jumatatu jioni vita vinaanza upya.

Walijaribu kila dawa. Véronique alimpa maziwa kwa mkono wake. Paka akayanywa, kisha akauuma mkono huohuo. Majirani wakacheka, wakasema paka ana wivu, labda anamtaka mume wa watu.

Bibi Mukandori hakucheka. "Paka haiumaka bure," alisema akichambua maharage. "Muntu akitoka fasi, anarudi na habari ya ile fasi mu mwili."

Véronique akajifanya hakusikia. Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuka kurudi, alianza kunawa mikono kwa sabuni na kubadilisha kitenge. Na kila aliponawa alijichukia. Mke gani huyo anayejisugua mpakani kabla ya kurudi kwa mumewe? Munyemana hakuwahi kumnyanyulia mkono wala sauti. Akichelewa, anamwekea chakula. Akisema foleni ya mpaka ilikuwa ndefu, anaitikia, "Pole, Maman Uwineza," basi. Ule upole ndio uliomchoma kuliko kucha zote za Mokonzi. Heri angegombezwa!

Lakini sabuni ya sokoni haikumdanganya paka. Jioni moja alimng'ata mpaka damu ikachuruzika ndani ya kiatu, na Munyemana akakata shauri.

"Kesho inaenda Bweyeye, kwa mjomba Harelimana. Kule panya zinamaliza mahindi. Nitaipeleka mwenyewe na pikipiki."

Uwineza alisusa chakula. Aliingia chini ya meza na paka wake, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Bweyeye ni mbali, kando ya msitu. Alijua kabisa hatamwona tena. "Maman," alisema, "ambia Papa aiache. Weye anakusikiaka."

Ni kweli, angemsikia. Véronique alijua tangu zamani kwa nini paka anamrukia, na neno moja la kweli lingemwokoa Mokonzi na machozi ya mtoto. Lakini neno hilo lingeivunja nyumba. Akainama, akampapasa binti yake kichwa, akasema, "Papa yako amekwisha kuamua." Ee Mungu, aibu aliyoisikia! Mtoto anapokonywa rafiki yake, na mama anakaa kimya kujiokoa.

Asubuhi Munyemana alitoboa katoni matundu ya hewa, akamtia paka ndani, akaifunga kwa kamba. Uwineza alikuwa amekwenda shule macho yamevimba. Véronique alisimama mlangoni, beseni kichwani, akitaka kuondoka upesi asije akaona katoni ikipandishwa pikipiki.

"Ngoja kidogo," Munyemana alisema bila kumtazama. "Jana usiku niliuliza veterinere, muganga wa wanyama. Anasema hii paka haikuchukii. Inachukia harufu ya paka ingine."

Véronique aliliweka sawa beseni kichwani. "Mu soko paka ni mingi, Papa Uwineza."

"Paka ya soko hailalaka kwa kitenge ya muntu."

Alilishusha beseni taratibu, akaliweka chini, akashika kizingiti. Sasa imefika, aliwaza. Sasa ataniuliza kule ninakwenda kwa nani. Mawazoni alimwona mama mkwe akitikisa kichwa, ng'ombe wa mahari wakidaiwa, Uwineza akigawanywa kama kitambaa, nusu ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile. Alifungua kinywa aungame.

Kabla hajasema neno, Munyemana alichukua kisu, akaikata kamba. Katoni ikafunguka, Mokonzi akachomoka na kukimbilia uani.

"Maman Elikia," alisema.

Véronique alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo upande huu wa mpaka. Elikia ni mtoto aliyemzaa kabla ya kuolewa, akamficha Bukavu kwa dada yake miaka yote hii.

"Leo ukivuka, urudi naye," Munyemana aliendelea. "Alale na dada yake Uwineza. Na ile paka yake muilete. Zitapigana siku mbili tatu, zitazoeana."

"Nani alikuambia?"

"Marehemu mama yako, siku nilikuja kuposa. Akaniomba nisikuulize, akasema weye mwenyewe utaniambia."