Fisi Alivyong'oa Uzio Wake

Haki ya Mungu vile, hii siyo hadithi. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, na neno moja likiwa la uongo nife hapa hapa.

Fisi aliwavamia Pimbi akitaka mapango yao. Nungunungu, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na miiba ya kutengenezea mishale, akamfungia duka. "Simuuzii mtu anayeua majirani," akasema.

"Kaa nayo, mzee," Fisi akacheka.

Wiki ya pili mishale ikaisha. Fundi wake Mbweha akaja anajikuna. "Mkuu, miiba ya Nungunungu iliyobaki ni ile iliyozungushwa kwenye boma letu."

"Ing'oe."

"Yote? Watoto wanalala mle."

"Nimesema ing'oe."

Wakatengeneza mishale laki tisa, siongezi hata mmoja, wakaenda kuwamaliza Pimbi. Pimbi wakaziba pango kwa mawe, wakakaa siku tano bila tone la maji, Fisi kawazingira nje, na hakuna aliyetoka.

Siku ya sita mke wa Fisi akafika mbio na watoto mgongoni. "Baba watoto, Simba kaingia bomani. Kalala kitandani kwako, anakoroma."

Fisi akaenda kwa Nungunungu amenywea. "Nipe miiba kidogo tu, nizungushie watoto walale."

"Nitakupa," Nungunungu akasema. "Pimbi wakishakunywa maji."

Jioni ile Pimbi wakanywa mpaka mto ukapungua.

Ila nawaomba, yaishie hapa hapa. Fisi hajui kwamba nilikuwa juu ya mti namwona analia.