Picha za Kumnyamazisha Shangazi

Mzee aliombwa atabasamu upya, kwa sababu mara ya kwanza kaa alikuwa amekimbilia shimoni. Mhasibu alipiga magoti kwenye matope ya mikoko, suruali ya ofisini na yote, akainua simu. Mapenzi kwa mzazi hayachagui nguo, hasa shangazi akikasirika.

Na shangazi alikuwa amekasirika haswa. Aliandika kwenye kundi la ukoo, watu wote wakisoma, kwamba kaka yake ametupwa nyumba ya wazee na mwanawe wa kwanza, yule anayejua kushika kipaza sauti kwenye kila harusi. Jumapili kingekaa kikao. Mhasibu alijua akiumbuka pale, ukoo hautamsikiliza tena hata akiomba chumvi mezani. Ndiyo maana leo amekuja na mke na watoto kwenye hifadhi ya pwani, kumpenda baba.

Walikuwa wakimpenda tangu asubuhi bila kupumzika. Kweli mhasibu hakuwa amekwenda kumwona tangu kitinda mimba hajazaliwa, kazi nyingi, si unajua tena, lakini damu nzito kuliko maji: alimtambua toka mbali, amekaa benchi la langoni mwa nyumba ya wazee, kofia pana na miwani ya jua. Hakuhitaji hata kushuka garini. Mkewe alimwamkia shikamoo, akamwambia wamekuja kumtembeza, na mzee akaitikia marahaba akapanda mwenyewe.

Mnara wa kutazamia ndege aliupanda bila fimbo. Mhasibu, aliyemkumbuka baba wa kulalamikia magoti, aliisifu nyumba ya wazee kwa matunzo. Walipofungua chakula, mzee alikula mayai mawili, vitu ambavyo baba zamani hakutaka hata kuvinusa. Mke alisema uzee hubadilisha watu. Mzee alipouliza majina ya watoto, mke akamnong'oneza mumewe kwamba ndiyo hivyo, kumbukumbu zinakwenda. Mhasibu alihuzunika, akampa binti yake simu apige picha ya huzuni hiyo.

Binti mdogo peke yake alisahau habari za picha. Alimshika mzee mkono, wakawafuata kaa kwenye tope, wakitembea upande upande kama wao, mpaka mzee akacheka na kufuta machozi.

"Wanangu," alisema walipokaa kupumzika, "tangu niingie kule hakuna aliyekuja kunitoa hata siku moja. Mungu awape mnachokitafuta."

Hapo mhasibu aliona aibu, aibu ya kweli, isiyofaa kupigwa picha. Alimfuta mzee matope miguuni kwa leso yake. Akaahidi kuja kumchukua kila mwezi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anamaanisha.

Kisha, kwa kuwa aibu ni aibu na kikao ni kikao, alituma picha zote kwenye kundi la ukoo na kuandika chini yake: *Baba na sisi. Wenye maneno waseme sasa.*

Shangazi alijibu papo hapo: *Mimi niko hapa nyumba ya wazee tangu asubuhi, nakunywa chai na baba yako. Huyo mzee wa watu mmemtoa wapi?*