Karatasi Ndani ya Mto

Aliufumua mto kwa wembe, akapenyeza vidole kwenye pamba na kuitoa karatasi. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne ndani ya kipande cha nailoni, vilevile alivyoishonea humo miezi saba iliyopita. Alijiona mwizi, tena mwizi wa kitandani pake mwenyewe.

Mumewe, fundi rangi, ndiye aliyezichukua fedha za kumpasua mguu binti yao na kuzitia zote kwenye sarafu za mtandaoni, bei ikiwa juu kabisa. "Miezi mitatu tu, zitazaa," alisema. Zikazaa nini! Hata mwezi haujaisha, bei ikaanza kuporomoka.

Jioni ya tarehe tisa mwezi wa tatu, siku mtoto alipotimiza miaka saba, mume alirudi kutoka kazini na karatasi hiyo mkononi. Ilikuwa na maneno kumi na mawili. Mwenye nayo, alieleza, hufungua mkoba wa sarafu kwenye simu yoyote.

"Kwenye kundi letu la sarafu wametushauri sisi wageni," alisema. "Soko likianguka, usiuze kwa woga. Futa kila kitu kwenye simu, na maneno mpe mtu anayekupenda akufichie. Mke wangu, hata nikulilie vipi, usinipe."

Mke aliapa, jamani, kwa machozi! Tangu waoane, mwanamume yule hakuwahi kumwamini hata na ufunguo wa kabati.

"Tena bei ikiwa chini ndiyo wakati wa kuongeza," mume akasema. Kuingiza fedha hakuhitaji maneno, kutoa tu ndiko kunakohitaji. Basi kila mwisho wa mwezi mke akawa anamkabidhi mumewe nusu ya mshahara wake wa udobi hospitalini, akaongeze.

Tangu siku hiyo mume akawa analala fofofo. Hata mashavu yakamjaa. "Siri ni kutochungulia bei," alisema huku akicheka. Mke ndiye aliyekosa usingizi. Alikuwa akifua mashuka ya chumba cha upasuaji, dawa ya madoa ikimchuna vidole, na kila daktari wa mifupa alipopita mlangoni, aliinamia beseni.

Juzi daktari aliingia kabisa. "Mama, mfupa haungoji. Ukishakomaa, hatutaweza kuunyoosha. Mwezi huu ndio mwisho."

"Baba yake anasema tuvumilie, daktari."

"Mwambie avumilie yeye," daktari akajibu, akaondoka.

Nyumbani alikiokota kiatu cha kushoto cha binti yake. Kilikuwa kimelika upande hadi soksi inaonekana. Cha kulia kilikuwa kizima. Mtoto alikuwa ameacha kuomba vipya. Hapo ndipo mama alipokwenda kuutafuta wembe.

Njia nzima hadi kwa fundi simu alikuwa akijifunza maneno ya kumwambia mumewe. Nimevunja kiapo, baba watoto. Nimekusaliti. Nipige, nifukuze, lakini mtoto atatembea.

Fundi simu alivaa miwani, akayaandika maneno moja moja kwenye simu yake. Mama akajikaza kisabuni, asije akaipokonya karatasi na kukimbia.

"Dada, umesema humu kuna akiba?"

"Hata kama imebaki nusu, kaka, uza. Uza sasa hivi kabla sijabadili nia."

Fundi alipandisha kidole kwenye kioo, akakishusha, akapandisha tena. Kisha akaivua miwani na kumgeuzia simu taratibu.

"Hakuna cha kuuza. Zilitolewa zote kwa mkupuo, tarehe tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Na tangu hapo haijaingia hata senti moja."